Benchi Lililokipa Kituo Mgongo

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na kituo cha polisi kiko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu. Tukikaa tunatazama ukuta wa kinyozi. Kituo kinabaki mgongoni. Ukiniuliza sababu nitakwambia jua. Wa kudumu tuko wanne. Kinyozi ndiye mwenye ukuta. Injinia anatengeneza redio mbovu na kuharibu nzima. Profesa alikuwa tarishi wa ofisi ya elimu miaka ishirini na sita, akizisoma barua za watu kabla ya kuzifikisha, na elimu yake yote imetoka humo. Wa nne ni mimi, fundi viatu, na wanasema nina mdomo mkali kuliko sindano yangu. Anayetupikia kahawa tunamwita Dada. Mdogo wake Dada, fundi pikipiki tuliyekuwa tukimwita Spoku, aliingia kituoni wakati wa zile fujo za miaka miwili iliyopita kufuata pikipiki ya mteja wake, na hakutoka. Kituo kinasema hakuingia. Sasa wahisani wa nje wameleta mradi wa kuwarekebisha polisi, na ndani ya mradi kuna dawati la kupokea malalamiko ya zamani. Dada amejaza fomu yake yote isipokuwa nafasi moja: shahidi aliyeona kwa macho. Dawati linafungwa leo Ijumaa saa kumi alasiri. Hajatuomba. Na sisi, saa saba na nusu hii, tulikuwa tunazungumzia buti.

Mimi: Zile buti za wahisani ni laana, nawaambia! Miezi minane sijashona buti ya askari hata moja. Zamani nikiletewa nne, tano kwa wiki, soli zimeachama kama zinapiga miayo. Sasa soli haifunguki mdomo.

Kinyozi: Wewe unalilia buti. Mimi je? Wakipelekwa semina wanarudi wameshanyolewa hukohuko.

Injinia: Mradi wa kurekebisha polisi, wanaorekebishika ni nyie.

Mimi: Cheka tu. Mimi swali langu ni moja. Mtu anatoka kwao, anapanda ndege, anavuka bahari, anakuja kumvisha buti polisi wangu mimi. Kwa nini? Jirani yangu wa ukuta mmoja hajawahi kunipa hata soksi!

Kinyozi: Hebu tuwe wakweli lakini. Wamebadilika. Juzi kwa masikio yangu nimemsikia yule sajini mzee akimwambia mlevi, "Samahani, naomba nikukamate."

Injinia: Acha uongo!

Kinyozi: Haki ya Mungu. Mlevi pombe ikamtoka palepale. Akauliza, "Kwani nimefanya kosa kubwa kiasi gani?"

Tulicheka. Hata Dada alitabasamu kidogo, mgongo wake kwetu, akipepea jiko.

Kinyozi: Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Mbichi gani we! Sajini ana miaka thelathini kazini. Yule ni samaki mkavu. Ukimkunja anavunjika.

Kinyozi: Basi wanamloweka kwanza. Semina ni maji.

Injinia: Mimi naona ni ile nyingine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu wenyewe si ndio huo umekuja, una begi la magurudumu?

Profesa alikohoa. Profesa akikohoa ujue anataka kikombe kiwekwe chini na watu wanyamaze.

Profesa: Ninyi mnaongea kwa tumbo. Sikilizeni. Nchi ikiyumba, watu wake hukimbia. Wakikimbia wanafika wapi? Kwao wahisani. Wanabisha hodi. Mhisani akakaa akafikiri: kuliko nipokee wageni kila siku, bora niende nikanyooshe mambo hukohuko watulie.

Kinyozi: Sawa. Lakini hao watu walipokimbia, walikuwa wanamkimbia nani?

Profesa: Walikuwa wanamkimbia... eh... polisi.

Kinyozi: Kwa hiyo dawa yake ni kumpa polisi buti nzuri zaidi za kukimbizia?

Mimi simpendi Kinyozi akisema jambo la maana, kwa sababu atalirudia wiki nzima. Lakini alikuwa amepata.

Profesa: Hapana, hapana. Wanamfundisha kwanza. Haki za raia, namna ya kuandika maelezo, namna ya kumhoji mtu bila kumgusa. Kuna vitabu, nimeviona, kabati zima.

Mimi: Kabati limefungwa.

Profesa: Limefungwa kwa usalama wa vitabu.

Kinyozi: Mimi sina shida na vitabu. Shida yangu ni simu. Asubuhi askari anafundishwa kumheshimu raia, na anaelewa, maana si mjinga. Jioni simu inalia kutoka kwa wakubwa: nenda kawatawanye wale. Sasa nauliza, yule anayepiga simu naye amehudhuria semina?

Injinia: Yupi? Wakubwa wenyewe hawakai. Miaka minne serikali tatu! Nimeingia pale kaunta kutengeneza redio yao, ule msumari wa picha ya kiongozi umelegea kwa kubadilishiwa picha. Siku hizi wanaitegemeza picha kwenye dirisha.

Kinyozi: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi: Hiyo inahusu nini na msumari?

Kinyozi: Si uko ukutani?

Dada alipita na birika akatuongezea. Alimpa kila mtu kikombe chake bila kumtazama. Akauliza saa. Profesa akatazama mkono, akasema saa nane na dakika kumi. Dada akarudi kwenye jiko, na Injinia haraka haraka akajaza ule ukimya, maana ndiyo kazi yake nyingine.

Injinia: Sasa niwaambie ukweli wa zile buti. Zina kifaa.

Mimi: Kifaa gani?

Injinia: Ndani ya soli. Kinaongea na mtambo ulioko angani. Wahisani wamekaa kwao wanakunywa chai, wanaona askari namba fulani amepiga hatua ngapi leo, amesimama wapi, amempiga raia mateke mangapi. Mwisho wa mwezi wanajumlisha.

Mimi: Buti moja nimeifungua mimi. Ililetwa kisigino kikiwa kimeshika lami. Ndani nimekuta kipande cha plastiki ngumu, basi.

Injinia: Ndicho chenyewe!

Mimi: Ni cha kuzuia msumari usipenye, bwana! Miaka kumi na tisa nashona viatu!

Injinia: Ndivyo wanavyotaka ufikiri.

Profesa: Tuache uchawi. Mimi naona tunajaribiwa. Dawa mpya kabla ya kuitumia si inajaribiwa kwanza kwa panya? Hao wahisani kwao pia polisi wanapiga watu. Nimesoma. Sasa wanasema, tujaribu adabu hii kule kwanza, ikimponya askari wao bila madhara, tutaileta nyumbani.

Kinyozi: Kwa hiyo panya ni sajini?

Profesa: Panya ni sisi. Sajini ndiye dawa.

Injinia: Nyote hamjafika. Wale askari kumi na wawili waliopelekwa nje mafunzo, walirudi kumi na wawili, siyo? Lakini si walewale! Wamebadilishwa. Yule koplo mwenye kovu, alikwenda na kovu shavu la kushoto, amerudi nalo kulia.

Kinyozi: Ulimwona kwenye kioo changu, mjinga wewe, wakati namnyoa!

Hapo hata mimi nilisahau buti zangu. Profesa alipomaliza kucheka akatia mkono ndani ya koti akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. Mwenye mashine ya nakala jirani na kituo humwekea zile zinazotoka na wino uliosambaa. Hizi zilikuwa za taarifa ya Mtaalamu wa wahisani.

Mtaalamu tulimjua. Mwezi uliopita alisimama siku mbili kwenye ngazi za kituo na mkalimani wake, kitambulisho kikiwa na kamba shingoni, akitutazama na kuandika.

Kinyozi: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yule kaivaa shingoni.

Profesa: Nyamaza nisome. "Raia wa makamo huketi jirani kabisa na kituo, wakinywa kahawa kwa utulivu, wakiwa wamekipa kituo mgongo. Hii ni ishara kubwa ya imani iliyojengwa na mradi, kwa kuwa mtu humpa mgongo yule asiyemwogopa."

Kisha Injinia akapaliwa na kahawa ikamtoka puani. Kinyozi alijipiga mapaja. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikawa nasema, "Imani! Imani jamani!" na Profesa akasoma tena kwa sauti ya kuhutubia, na tukacheka upya.

Dada hakucheka. Alikuwa anasuuza vikombe.

– Kwani mnakaa hivyo kwa nini? akauliza.

Alikuwa hajawahi kuuliza.

Mimi: Jua, Dada.

Kinyozi: Vumbi la magari.

Injinia: Mimi redio inanishikia vizuri nikiuelekea ukuta.

Profesa: Na ule moshi wa jiko.

– Moshi wangu? Dada akasema. Na jiko liko huku mbele yenu?

Profesa akakunja karatasi zake. Saa yake ilisema saa tisa kasoro dakika kumi, na safari hii aliitaja bila kuulizwa.

Wakati huohuo tukasikia hatua zinavuka barabara, buti mpya, mimi nazijua kwa sauti. Askari wa kike, mgeni, hana mwezi tangu ahamishiwe hapa. Ndiye aliyewekwa kwenye lile dawati. Miaka yote askari akitaka kahawa humtuma mtu. Huyu amekuja mwenyewe.

– Shikamooni wazee wangu.

– Marahaba, afande.

– Dada, nipatie kimoja. Bila sukari.

Hakukuwa na nafasi kwenye benchi, au tuseme hatukuitoa. Akasimama mbele yetu, kati yetu na ukuta, kikombe mkononi, faili kwapani. Alimgeukia Dada akapunguza sauti, lakini sote tulikuwa na masikio.

– Fomu yako bado ninayo. Nimeisukuma mpaka dakika hii. Saa kumi nafunga, na isiyo na shahidi inawekwa kwenye rundo la kufutwa. Huna mtu hata mmoja?

Dada akainua mabega tu.

Askari akatugeukia.

– Wazee wangu, ninyi ndio wenyeji wa hapa. Siku ile mlikuwepo?

Profesa: Tulikuwepo, afande, tulikuwepo. Ila unaona mwenyewe benchi linatazama wapi. Mtu akiingia kituoni, akitoka, sisi tunaona ukuta.

– Naona, akasema. Na hakuwa na ubaya, alikubali kabisa, hata akatikisa kichwa kwa huruma.

Kinyozi: Afande, mradi wenu huu unaisha lini?

– Mwezi wa sita.

Kinyozi: Wahisani wanaondoka?

– Wanaondoka.

Kinyozi: Na aliyetoa ushahidi anabaki?

Akafikiri. Angeweza kutudanganya, wenzake wangetudanganya.

– Mimi nitabaki, akasema, kama hawajanihamisha. Zaidi ya hapo sijui.

Akamaliza kahawa yake, akazunguka nyuma ya benchi ili avuke arudi. Mguu ukamzama, akayumba. Akatazama chini alipokanyaga. Nyuma yetu pale, upande wa barabara, ardhi imechimbika mashimo manane, mawili mawili, kama sahani zilizopangwa, yamekuwa laini kwa kusuguliwa. Akainama, akaliangalia moja. Kisha akaja mbele, akatazama chini ya miguu yetu. Huku palikuwa na mikwaruzo tu.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

– Benchi hili mliligeuza lini?

Jamani. Injinia alianza kusafisha miwani isiyo na uchafu. Profesa alitazama saa yake, nadhani hakuiona. Kinyozi akasema "Tuseme..." akaanza kujikung'uta nywele za wateja. Nikasubiri mmoja wao atoe uongo, hata wa kijinga, hata wa redio. Hakuna aliyetoa.

Dada akaja kukusanya vikombe. Changu kilikuwa bado na nusu. Akakitoa mkononi mwangu akamwaga.

– Kahawa imekwisha, akasema.

Birika alikuwa bado amelishika mkono wa pili.

Ningependa kuwaambia kwamba niliruka nikasema. Sikuruka. Nilikaa pale nikamkasirikia yule binti wa watu kwa kuwa na macho. Nikawakasirikia wahisani na buti zao, na Mtaalamu, na Dada mwenyewe kwa kutotutukana hata siku moja katika miaka miwili. Siku ile alikuwa amekwenda kununua mkaa. Spoku alikunywa kahawa yake hapa, amesimama, akasema anakuja sasa hivi. Saa nne asubuhi. Tulimwona akivuka, tulimwona askari mmoja akimshika bega langoni, na pale langoni akageuka akatupungia mkono, akicheka, kama kusema mmewaona hawa. Alasiri akatoka mkubwa mmoja akasimama varandani, mikono mfukoni, akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Alipoingia ndani tukainuka wanne, kila mtu akashika kona yake ya benchi. Dada aliporudi na gunia lake la mkaa alitukuta tunatazama ukuta. Yule mkubwa bado yupo. Siku hizi ndiye anayegawa vyeti vya semina.

Askari alikuwa amesimama palepale. Nikasikia sauti yangu, na Kinyozi akanishika shati, na bado ikatoka.

Mimi: Siku ileile. Alasiri.

– Siku ipi?

Mimi: Aliyoingia Spoku.

– Ulimwona akiingia, au ulisikia?

Mimi: Nilimwona. Kwa macho haya.

Kinyozi aliniachia shati. Profesa aliinama akaweka uso mikononi. Sikuwatazama tena, kila mtu na nafsi yake, na mimi yangu ilikuwa imenitosha. Nilichoogopa ni kumtazama Dada. Nilijua atanirushia birika, na nilitamani alirushe, maana nimekunywa kahawa ya yule mama vikombe vitatu kwa siku kwa miaka miwili.

Alilitua chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha mwingine.

– Asubuhi ile kulikuwa na baridi, akasema. Mimi niliondoka nyumbani kabla yake. Alikuwa na sweta?

Sikulitegemea swali hilo. Nikafumba macho nimwone vizuri.

– Alikuwa nalo, Dada. La kijani. Amelifunga kiunoni.

– Basi alikuwa nalo, akasema.

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi mahali nilipokuwa nimekaa. Askari akatangulia. Tukavuka barabara sote watatu, saa tisa na dakika ishirini na tano, na varandani alikuwa amesimama mtu, mikono mfukoni, akitutazama.